Mama Apimwe kwa Simu? Mjadala wa Segerea

Hoja iliyo mezani ni hii: mtu ambaye ugonjwa wa ubongo unampokonya lugha kidogo kidogo, apimwe akiwa nyumbani kwake Segerea, Dar es Salaam, na mtaalamu yuko upande wa pili wa simu, au apelekwe hospitali akaketi uso kwa uso na anayempima?

Magonjwa yenyewe ni mengi. Parkinson tunaijua kwa mikono inayotetemeka, lakini wengi walio nayo hufifia sauti pia, na maneno huanza kugongana mdomoni. Ugonjwa wa nyuroni za mwendo hudhoofisha misuli ya ulimi. Alzheimer huchukua majina ya vitu pamoja na kumbukumbu. Na kuna ule unaoanzia kwenye lugha yenyewe, kumbukumbu ikiwa bado nzima. Mwaka 1982 daktari Marsel Mesulam, akiwa Boston, aliandika habari za wagonjwa sita wa namna hiyo, na mwaka 2011 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kuugawa katika aina tatu. Wengi wetu neno afasia, yaani kupotewa na lugha kwa sababu ya ubongo kuathirika, tulilisikia Machi 2022, familia ya Bruce Willis, yule wa filamu za Die Hard, ilipotangaza kwamba anaacha kuigiza. Februari 2023 ikatangaza ugonjwa kwa jina lake: dimenshia ya sehemu za mbele na za pembeni za ubongo. Ulipita karibu mwaka mzima kati ya dalili kutangazwa na ugonjwa kutajwa, na huyo ni mtu anayeweza kumwona daktari yeyote amtakaye.

Sauti nne zinazofuata nimezipanga mimi mwandishi kutokana na maneno yanayosemwa kila siku katika nyumba zenye wagonjwa wa aina hii. Hakuna iliyo ya mtu mmoja halisi. Binti anamlea mama yake Segerea. Mwalimu ni mstaafu, jirani yao, na kaka yake ana Parkinson. Mtaalamu ni mwanamke anayefanya kazi ya tiba ya usemi na lugha. Fundi ni kijana anayetengeneza simu karibu na kituo cha daladala.

BINTI: Naomba nianze, maana mgonjwa ni wangu. Kutoka Segerea Mwisho mpaka hospitali kubwa mjini si mbali ukitazama ramani. Lakini miadi ya saa mbili asubuhi sisi tunaamka saa kumi. Bajaji mpaka barabarani, halafu daladala, na mama haelewi kwa nini watu wanamsukuma. Tukifika Buguruni gari halisogei. Tukifika hospitali tunakaa kwenye benchi mpaka saa tano. Anapoingia chumbani amechoka, amenuna, hataki hata kuitikia salamu. Anaonyeshwa picha, ananyamaza. Kwenye faili inaandikwa hajibu. Jioni hiyohiyo, amekula, amepumzika, anaongea na wajukuu. Sasa nauliza: wamepima lugha ya mama yangu au wamepima foleni?

MWALIMU: Binti yangu, foleni naijua, na mama yako namheshimu. Lakini usiharakishe. Kaka yangu alipigiwa simu ya picha na daktari mmoja, nikiwa nimekaa pembeni. Kilichoonekana kwenye simu ni paji la uso na feni ya dari. Daktari hakuona kwamba mate yanamtoka, hakuona mguu unavyokwama akitaka kusimama, hakuona kwamba kabla ya kujibu ananitazama mimi kwanza. Nusu ya maradhi haya yako kwenye mwili. Mtu akipimwa kipande, atapewa jibu la kipande.

MTAALAMU: Shikamoo mwalimu.

MWALIMU: Marahaba mwanangu. Nijibu.

MTAALAMU: Nakukubalia sehemu. Tunapima mambo tofauti na tunayaita yote kwa jina moja. Kuna usemi, yaani kazi ya pumzi, koo, ulimi na midomo. Kuna lugha, yaani maneno, maana na sarufi kichwani. Na kuna kumeza, ambako kunakwenda pamoja na hayo kwa sababu misuli ni ileile. Kumeza mimi sithubutu kumaliza kwa simu. Nataka kuweka vidole kooni nisikie linavyopanda. Lakini kumwomba mtu ataje kitu, arudie sentensi, afuate maelekezo, asimulie jambo, hayo yanapimika kwa mbali. Tangu miaka ya 1980 Marekani walikuwa wakijaribu kwa simu na televisheni. Mwaka 2020 ilichapishwa kazi ya Boston: watu 20 wenye afasia walipimwa kwa kipimo kilekile, mara moja ana kwa ana na mara moja kwa video, na alama zikakaribiana sana.

MWALIMU: Hao watu 20 waliugua nini?

MTAALAMU: Wengi kiharusi.

MWALIMU: Basi umenisaidia. Aliyepigwa na kiharusi mwaka juzi, lugha yake ya leo na ya wiki ijayo ni karibu ileile. Ukimpima mara mbili lazima zifanane. Huyu mama anashuka. Ukimpima kwa simu mwezi huu akapungua, utajuaje kama ameshuka yeye au umeshuka mtandao?

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu naona ndiyo pingamizi kubwa kuliko yote katika jambo hili, nayo husahaulika mara kwa mara. Kipimo cha ugonjwa unaoendelea kina kazi mbili. Ya kwanza ni kusema ugonjwa ni upi. Ya pili ni kumfuata mtu mwezi baada ya mwezi na kusema ameondoka wapi amefika wapi. Kazi ya pili inataka chombo kisichobadilika, na bando letu hubadilika kutwa mara tatu.

FUNDI: Mwalimu, samahani niingie, maana hilo ni la kwangu. Mtandao kukatika ni tatizo dogo, kila mtu analiona. Tatizo ni lile usiloliona. Ukipiga kwa WhatsApp, programu inapandisha sauti ndogo na kushusha kubwa ili watu wasikilizane. Inachuja kelele pia. Kwa hiyo kaka yako akinong'ona, upande wa pili anaweza kusikika kama mtu wa kawaida. Na mara nyingine ule mnong'ono, ukifanana na upepo wa feni, programu inaudhania kelele inaukata kabisa.

MTAALAMU: Hilo ni zito. Kwa mgonjwa wa Parkinson kufifia kwa sauti ndiyo dalili ninayoitafuta. Yeye mwenyewe huona anaongea sawasawa, na nyumbani humlaumu mke kwamba hasikii vizuri. Simu ikimkuza, inakuwa shahidi wake dhidi ya mke wake.

FUNDI: Dawa yake ipo, tena rahisi. Tumieni simu mbili. Moja ni ya kupiga. Ya pili iwekwe mezani, kwenye hali ya ndege, irekodi yenyewe bila kupitia mtandao. Umbali uwe uleule kila mara. Pimeni kwa rula ya mtoto, sentimita 30 kutoka mdomoni. Simu iwe ileile, si leo ya mjomba kesho ya shangazi. Mkimaliza, faili litumwe kama dokumenti. Likitumwa kama sauti ya kawaida, linabanwa.

MTAALAMU: Na mimi nikilisikiliza halitaniambia ukubwa wa sauti yake kwa kipimo cha maabara, lakini nitaweza kulinganisha Machi na Juni.

MWALIMU: Kijana amesema jambo la maana kuliko madaktari wengi niliowasikia. Endeleeni.

MTAALAMU: Na kuna jambo linalohusu lugha yetu hasa. Tukitaka kujua kama mtu bado anaelewa sarufi tunampa sentensi kama hizi: mbwa amemfukuza paka, mbwa amefukuzwa na paka. Halafu tunauliza nani anakimbia. Kwa Kiswahili sehemu kubwa ya tofauti imejificha kwenye visauti vidogo vilivyoshikamana na kitenzi, na mtandao ukimeza kimojawapo, mgonjwa atakosa swali ambalo hakulisikia. Kwa hiyo sentensi kama hizo nisizisome mimi kwa simu. Zirekodiwe vizuri mapema, zichezwe hapohapo nyumbani kwenye spika, masikioni mwake.

BINTI: Nyote mnazungumzia sauti. Mimi nirudi kwenye picha. Siku ile mama alionyeshwa karatasi za picha. Nyingine hata mimi sikuzijua.

Picha za namna hiyo zina historia. Kipimo cha kutaja majina kilichosambaa zaidi duniani kilichapishwa Marekani mwaka 1983, kikiwa na michoro 60 inayopangwa kutoka rahisi hadi ngumu. Ndani yake mna nyumba ya barafu ya watu wa kaskazini ya mbali, mna mnyama wa mito ya huko anayejenga mabwawa kwa miti, mna mkate uliosokotwa kama fundo, mna farasi wa hadithi mwenye pembe moja. Mzee wa Segerea aliyeuza nguo Kariakoo maisha yake yote akishindwa kutaja nyumba ya barafu, hajaonyesha dalili ya ugonjwa wowote. Kukipeleka kipimo hicho kwenye simu hakupunguzi kosa lake. Kunalifikisha kwenye nyumba nyingi zaidi.

MTAALAMU: Mimi nilipoanza kumfuatilia mama, picha niliziacha. Nilimwambia dada aniletee vyombo vyao wenyewe.

BINTI: Nilileta kinu. Mama alikitazama akacheka, akainua mikono akatwanga hewani, akasema, "Kile cha... kile cha kutwangia, kimewekwa hapa kufanya nini?" Jina halikuja. Nikaleta mbuzi ya nazi, akaikalia palepale kama anayetaka kukuna. Jina halikuja. Nikaleta ungo, akapepeta. Mwiko ndio aliutaja.

MTAALAMU: Mwalimu, tazama kilichopatikana hapo. Anajua kinu ni cha nini, mkono wake unajua, kwa hiyo maana ipo. Kilichofungwa ni njia ya kulifikia jina. Mwingine ungemletea kinu akakigeuzageuza akauliza hiki ni nini, na huyo maana yenyewe imeanza kufutika. Hizo ni aina mbili tofauti za ugonjwa, na kwa familia ni safari mbili tofauti. Halafu sikiliza sarufi: "kile cha kutwangia kimewekwa." Kinu hakikutajwa, lakini ki- yake imekaa kila mahali inapotakiwa. Ngeli ya neno imefika, neno halikufika. Karatasi za Kiingereza hazina hata mstari wa kuandika jambo hilo. Na hospitali ningekitoa wapi kinu?

MWALIMU: Nimeona, na nimefurahi. Lakini kinu hicho ni chake. Amekitumia tangu alipoolewa. Mkono wake unakijua kwa mazoea. Je, ukimpa kinu cha jirani, cha chuma, cha umbo jingine?

MTAALAMU: Umegusa penyewe. Inajulikana kwamba watu ambao maana ya vitu inawatoka huweza kuvitumia vyombo vyao wenyewe vizuri kuliko vya mtu mwingine wa kazi ileile. Nyumba inaweza kumfichia mgonjwa upungufu wake. Kwa hiyo nataka vyote: chake, cha jirani, na picha. Akifaulu kwa chake akashindwa kwa cha jirani, hilo ni jibu pia, na singelipata hospitali.

BINTI: Cha jirani tutaazima kwa mwalimu.

MWALIMU: Njoo uchukue. Lakini bado sijaridhika. Siku hiyo ya kinu, wewe binti ulikuwa umekaa wapi?

BINTI: Nyuma ya simu, nimeishika.

MWALIMU: Na mama alipokwama, midomo yako ilifanya nini?

BINTI: (baada ya kimya) Nilisema ki... bila sauti.

Hakuna mlezi asiyefanya hivyo. Ni upendo, na ni mazoea ya miezi mingi ya kumwokoa mzee asiaibike mbele za watu. Lakini anayepima kwa mbali haoni kilicho nyuma ya kamera, na kwa kuwa ugonjwa unaendelea, msaada wa mlezi nao hukua pole pole sambamba nao. Mtu anaweza kushuka nusu mwaka mzima huku alama zikibaki palepale. Kinyume chake kipo pia. Yupo mtoto ambaye amechoka, anataka cheti au anataka ndugu waamini, na atamharakisha mzee, atamkatiza, atajibu badala yake. Ndiyo maana kwangu mimi swali la nani ameketi pembeni ya mgonjwa ni kubwa kuliko swali la kamera.

MTAALAMU: Ninachofanya sasa ni kumpa mlezi kazi yake kwenye kipimo chenyewe. Kwanza tunapima bila msaada: mlezi anakaa ambapo nami namwona. Kisha namwambia, sasa msaidie kama unavyomsaidia kila siku. Natazama ni msaada gani unaofungua neno. Silabi ya kwanza? Ishara ya mkono? Kumtajia vitu viwili achague? Hilo la pili ndilo litakaloniambia nimfundishe nini dada huyu ili waishi vizuri.

MWALIMU: Hapo umenigusa moyo, nakiri.

BINTI: Na lile la herufi?

MTAALAMU: Dada alilalamika kwamba mama aliambiwa ataje maneno yanayoanza na F kwa dakika moja. Kipimo hicho kwa Kiingereza hutumia F, A na S. Kwa Kiswahili herufi nyingine ni ghala na nyingine ni kibuyu kitupu. M peke yake inabeba mtu, mtoto, mgeni, mti, mpera, mchungwa, unaweza kumwaga mpaka kesho. F haina mkururo huo. Ukichukua alama za London ukamlinganisha nazo mtu wa Tabata, umemdhulumu. Kutaja wanyama kwa dakika moja ni afadhali zaidi, maana wanyama ni wanyama kokote.

MWALIMU: Kwa lugha gani?

MTAALAMU: Swali zuri.

MWALIMU: Nauliza kwa sababu mama huyu ni Mhaya. Kiswahili alikikuta Dar es Salaam akiwa mtu mzima. Kaka yangu mimi alisoma kwa Kiingereza, akafanya kazi serikalini kwa Kiswahili, na nyumbani kwetu tulizungumza Kinyakyusa. Mnampima nani?

MTAALAMU: Michel Paradis wa Chuo Kikuu cha McGill, Montréal, alilisema hili wazi mwaka 1987: mwenye lugha zaidi ya moja apimwe zote, kwa sababu haziondoki lazima pamoja wala kwa kasi moja. Hospitali mwenye zamu akiwa si Mhaya, Kihaya cha mama hakipimwi. Kwa simu, kaka yake dada aliyeko Bukoba anaingia kwenye mazungumzo, nami nasikiliza na kurekodi, kisha tunakaa naye kuelewa mama amesema nini na nini kimekosekana. Hapa umbali umetusaidia kuliko ukaribu.

BINTI: Na kweli, mama kwa Kihaya anaongea zaidi. Tulidhani anarudi utotoni. Watu wa kanisani wakasema amechoka tu. Wengine wakasema mengine ambayo sitayarudia.

Nchi yetu haianzii sifuri, na hili huwa linanikera linaposahaulika. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita katika jamii ya watu wapatao 161,000 wakitafuta Parkinson. Matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Waliwapata watu zaidi ya 30, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Hukohuko Hai walichunguzwa watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ikaonekana dimenshia iko kwa asilimia 6.4 hivi. Kutokana na kazi hizo, Watanzania, Wanijeria na Waingereza walitengeneza kipimo kifupi kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee anaulizwa daraja ni nini, anataja wanyama, anakumbuka orodha ya maneno, anapanga njiti za kibiriti kwa kufuata mfano. Baadaye kikawekwa kwenye simu ili mhudumu wa afya asiye bingwa aweze kukitumia.

MWALIMU: Njiti za kibiriti! Hilo limetungwa na mtu aliyewahi kuingia nyumba za watu.

MTAALAMU: Lakini kile ni cha kuchuja akili na kumbukumbu kwa ujumla, si cha kutenganisha matatizo ya lugha. Cha lugha, cha Kiswahili, kilichopimwa kwa wazee wetu wazima ili tujue mzee wa miaka 75 asiye mgonjwa hutaja wanyama wangapi, hicho ndicho tunachokihitaji kabla ya programu yoyote mpya. Nchi nyingine zimekwenda mbali: Australia wamewatibu sauti wagonjwa wa Parkinson kwa mtandao wakapata matokeo yasiyopungua ya ana kwa ana, na Chicago kuna mradi uliowahudumia wenye afasia inayoendelea kwa video, wakiwa wametawanyika majimbo mbalimbali. Wote walikuwa na vipimo vya lugha yao. Mimi mara nyingi nabuni kwa kinu na ungo.

FUNDI: Na mtu wa kushika ile simu ya pili je? Si kila nyumba ina dada kama huyu.

MTAALAMU: Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa zaidi ya 137,000 ndani ya miaka 5. Mhudumu wa mtaa akifundishwa kuketi pembeni ya mgonjwa, kuweka simu kwa umbali uleule, kuzuia midomo ya watoto na kuandika mgonjwa ametumia dawa saa ngapi, nusu ya hofu ya mwalimu inaisha.

MWALIMU: Saa ya dawa inahusikaje?

MTAALAMU: Kaka yako akimeza levodopa, dawa yake ya Parkinson, kuna saa anaongea vizuri na saa dawa imeisha nguvu anajifunga. Hospitali nitamwona saa moja tu kati ya hizo. Nyumbani naweza kumsikia asubuhi kabla ya kidonge na tena saa tano. Tofauti hiyo ndiyo inayomsaidia daktari kupanga dozi.

Nitasema upande nilio. Kuutaja ugonjwa kwa mara ya kwanza kusifanyike kwa simu peke yake: mgonjwa aonwe, aguswe, mishipa yake ya fahamu ichunguzwe, kichwa kipigwe picha inapowezekana, na masikio na macho yapimwe, maana mzee asiyesikia vizuri ataonekana amepoteza lugha na kumbe amepoteza sauti za watu. Baada ya hapo, kumfuata mwezi kwa mwezi kufanyike nyumbani, kwa vyombo vya nyumbani na lugha zote za nyumbani, na safari ya mjini ibaki kwa lile lisilowezekana bila mikono. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba huenda tukafanya kinyume: tukanunua programu iliyotengenezwa mbali, tukaitafsiri kwa wiki mbili, tukaitumia kuwabandika wazee majina ya magonjwa.

MWALIMU: Nimeshawishika kwa kumfuata mgonjwa. Sijashawishika kwa jambo moja. Matokeo mabaya yasitolewe kwa simu. Mtu hawezi kuambiwa lugha yake inakwisha na kichwa kilicho ndani ya kioo.

BINTI: Mwalimu, hapo tunaachana. Mimi niliambiwa kwenye korido, watu wanapita, kisha nikapanda daladala na mama hadi Segerea nikiwa nimesimama. Ningeambiwa nyumbani, ndugu zangu wamekaa, ningeuliza maswali yangu yote.

MWALIMU: Na simu ikikatika katikati ya maneno?

MTAALAMU: Ndiyo maana nataka mhudumu awe chumbani siku hiyo, na mimi nipige tena kesho yake. Kwa kawaida maswali yenyewe huja kesho yake.

MWALIMU: Sikubali, lakini nimesikia. Na hizi rekodi? Mama wa watu anatwanga hewani, zinasambaa kwenye magrupu.

MTAALAMU: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na tume yake ipo. Faili langu lina namba badala ya jina, nami nafuta kwenye simu nikishahifadhi. Lakini tatizo ninaloliogopa zaidi ni ridhaa. Anayepaswa kukubali ni mama, na kukubali kunahitaji lugha. Mwaka kesho huenda asiweze kunieleza. Inabidi aulizwe sasa, kwa maneno mafupi, moja moja: anakubali kurekodiwa? Nani asikilize? Akifika mahali asipoweza kusema, nani aseme kwa niaba yake? Na majibu yake yarekodiwe.

BINTI: Aulizwe kwa Kihaya basi, kwa Kiswahili ataitikia tu ili nisichukie.

MTAALAMU: Kwa Kihaya. Na wewe uwe nje ya chumba.

BINTI: Kaka yuko Bukoba, humpigia mama kila Jumapili baada ya misa. Nitamtumia hayo maswali leo.

FUNDI: Mpe na bando. Na ile simu ya pili niletee Jumamosi niisafishe maikrofoni, imejaa vumbi.